Ziwa Lililoachwa Bila Hesabu

Neno takwimu tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko kwenye asili yake limebeba maana ya kukadiria na pia ya kalenda. Wanafunzi wetu aghalabu hulijua kwa maana ya tarakimu zilizopangwa katika jedwali tu. Hata hivyo ile maana ya kalenda haifai kusahauliwa, kwa sababu hesabu ya umma hupata nguvu inaporudiwa kwa majira yake, kwa kipimo kile kile, ili ya leo ilinganishwe na ya jana. Twapenda kulieleza jambo hili kwa habari ya Ziwa Viktoria na samaki wake, habari inayozihusu Uganda, Kenya na Tanzania kwa pamoja.

Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi. Sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6, ya Uganda 43 na ya Tanzania 51. Lakini samaki hawana pasi ya kusafiria, wala hawaitambui mipaka hiyo. Mtafiti Mwingereza, Michael Graham, aliyelichunguza ziwa lote mwaka 1927 na 1928, alilitambua hilo. Alikuta kwamba ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, amekwisha kupungua katika ghuba iliyo karibu na Kisumu tangu nyavu za kutega za kigeni zilipoingia. Akashauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5, na kiwepo chombo kimoja cha kulisimamia ziwa zima na kukusanya takwimu zake. Sheria ya nyavu ilipitishwa. Chombo kimoja kilisubiri hadi baada ya Vita Kuu ya Pili.

Mwaka 1947 kilianzishwa Jinja kituo cha utafiti wa samaki kilichokuwa mali ya nchi zote tatu. Yafaa tuangalie jinsi kituo hicho na vingine vya aina yake vilivyolishwa. Mwanzoni huduma za pamoja zilitegemea ruzuku zilizojadiliwa na kila serikali peke yake. Tume ya Raisman, iliyotoa taarifa yake mwaka 1961, ilipendekeza mfuko uchotwe moja kwa moja katika sehemu ya ushuru wa forodha na ya kodi ya mapato ya makampuni, ili huduma hizo zisiwe za kuomba-omba. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi wa busara sana, kwani mtafiti anayehesabu samaki hana watu wa kuandamana barabarani kumtetea siku bajeti inapopunguzwa.

Tusidhani kwamba utafiti ulisikilizwa daima. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi Jinja, aliandika kupinga wazo la kupandikiza ziwani samaki mkubwa mla wenzake, yule ambaye Watanzania humwita sangara, Wakenya mbuta, na Waganda mputa. Samaki huyo alikwisha kutiwa majini katika miaka ya 1950, na akaongezwa baadaye. Sheria ya inchi 5 nayo ilianza kufutwa kuanzia mwaka 1956. Kuwa na hesabu ni jambo moja, kuifuata ni jingine.

Hata hivyo hesabu iliendelea. Kati ya mwaka 1969 na 1971, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, meli ya utafiti Ibis ilikokota wavu wake katika maji ya nchi zote tatu. Ilionekana kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki waishio karibu na sakafu ya ziwa ni furu, wale samaki wadogo ambao Wajaluo huwaita fulu na Waganda nkejje. Sangara alikuwa sehemu ndogo mno. Mipango ilijengwa juu ya tarakimu hizo. Mwanza kilifunguliwa mwaka 1976 kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo, kwa kuamini kwamba furu ni wengi kupita kiasi.

Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikufa. Sababu zake zimeandikwa mahali pengi: ugomvi wa Uganda na Tanzania tangu mapinduzi ya mwaka 1971, kuvunjika kwa shirika la ndege, na kufungwa kwa mpaka wa Tanzania na Kenya mwezi Februari 1977. Tunalotaka kulikazia ni namna kifo chenyewe kilivyotokea, maana kilikuwa kifo cha bajeti. Mwaka wa fedha ulikwisha tarehe 30 Juni 1977, na bajeti mpya haikupitishwa. Kituo cha Jinja kikabaki cha Uganda, nchi iliyokuwa imeelemewa na utawala wa mabavu na, mwaka uliofuata, vita. Kenya na Tanzania zikaunda taasisi zao, ya Kenya mwaka 1979, ya Tanzania mwaka 1980. Kila nchi ikachunguza ukingo wake. Uchunguzi wa ziwa zima ukakoma.

Na ndipo ziwa lilipogeuka. Sangara alianza kutawala katika ghuba ya Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, akafuatia upande wa Uganda, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 akaishika Ghuba ya Mwanza. Furu, waliokuwa asilimia 80, wakashuka chini ya asilimia 1 katika nyavu za uchunguzi. Badiliko hilo lilitembea kutoka kaskazini kwenda kusini kwa miaka kadhaa. Kama meli moja ingekuwa bado yapita katika maji yote, yaliyoonekana Kisumu yangekuwa onyo kwa Mwanza.

Serikali hazikukosa tarakimu kabisa. Zilikuwa na uzito wa samaki walioletwa mwaloni, na uzito huo ulipanda kwa namna ya kufurahisha. Lakini hiyo ni sawa na kuhesabu magunia yanayotoka ghalani bila kufungua mlango kuona yaliyobaki. Viwanda vya minofu vilijengwa Kenya katika miaka ya 1980, kisha Uganda na Tanzania, kabla hapajafanyika makadirio mapya ya samaki wa ziwa zima. Baadaye viwanda kadhaa vilifungwa kwa kukosa samaki wa kutosha. Tukiweka hasara hiyo upande mmoja na gharama ya mafuta ya meli ya utafiti upande mwingine, ni vigumu kuiita ile ya mwaka 1977 akiba.

Jambo jingine laumiza zaidi. Ghuba ya Mwanza ina kumbukumbu nzuri za miaka hiyo, kwa sababu watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden walianza kazi huko mwaka 1977 kwa fedha za Uholanzi. Twawashukuru. Lakini samaki wengi waliohifadhiwa wako Leiden, na baadhi ya furu walipewa majina ya kisayansi wakati wavuvi wa Mwanza hawawaoni tena.

Mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria ulitiwa saini mwaka 1994, na makao yake yakawekwa Jinja. Mwaka 1999 meli ilianza tena kupima samaki wa ziwa lote, safari hii kwa mawimbi ya sauti, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Mwaka 2000 mitumbwi na wavuvi wakahesabiwa katika mialo ya nchi zote tatu: mitumbwi ilikuwa zaidi ya 42,000, na wavuvi kama 129,000. Mradi ulipomalizika, upimaji wa samaki ulisimama. Ukarudi mwaka 2005, mradi mwingine ulipoanza. Katika jedwali la miaka, nafasi iliyo katikati imeachwa wazi.