Uingereza: Haki ya mgonjwa aliyedhurika hospitalini

Mgonjwa aliyedhurika kwa uzembe wa daktari au hospitali nchini Uingereza ana haki ya kudai fidia, hata kama si raia wa nchi hiyo. Haki hiyo, hata hivyo, ina muda wake.

Katika England na Wales, sheria ya mwaka 1980 inatoa miaka 3 ya kufungua kesi, tangu siku ya madhara au siku mgonjwa alipotambua kwamba huenda yalitokana na matibabu. Kwa mtoto, miaka hiyo huanza kuhesabiwa anapotimiza umri wa miaka 18.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huandika malalamiko hospitalini, wakangoja majibu kwa miezi mingi, wakiamini kwamba kesi imekwishaanza. Malalamiko hayana gharama na huweza kuleta maelezo, pengine hata kuombwa radhi, lakini hayasimamishi muda wa kufungua kesi.

Jambo la pili ni ushahidi. Matibabu kushindwa si uzembe. Mdai hutakiwa kuthibitisha kwamba huduma ilikuwa chini ya kiwango kinachokubalika, na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyomdhuru, wala si ugonjwa wenyewe. Tangu kesi ya Bolam ya mwaka 1957, kiwango hicho hupimwa kwa kuangalia iwapo madaktari wengine wenye ujuzi wa fani hiyo wangeukubali utaratibu uliotumika. Ndiyo maana ripoti ya daktari bingwa asiyehusika na hospitali hiyo ni muhimu, nayo ni ghali.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilibadili msimamo kuhusu ridhaa ya mgonjwa. Nadine Montgomery wa Scotland, mwenye kisukari, hakuelezwa hatari ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua. Mwanawe alizaliwa mwaka 1999 akiwa na utindio wa ubongo. Mahakama iliamua kwamba daktari anapaswa kumweleza mgonjwa hatari ambazo mtu katika hali yake angeziona kuwa na uzito, na familia hiyo ikapata fidia ya zaidi ya pauni milioni 5.

Je, nani hulipa gharama? Tangu Aprili 2013, msaada wa kisheria wa serikali katika England na Wales umebaki zaidi kwa watoto walioumia vibaya ubongo au neva tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika wiki 8 za mwanzo. Wengine hutegemea mawakili wasiolipwa wasiposhinda. Wakishinda, ada yao ya ziada haiwezi kuzidi asilimia 25 ya fidia ya maumivu na ya hasara iliyokwisha kutokea. Kabla ya kutia saini, ni vyema kuuliza nani atalipia ripoti za mabingwa kesi ikianguka.

Shirika la hisani la Action against Medical Accidents, lililoanzishwa mwaka 1982, hutoa ushauri bila malipo. Kwa kawaida mgonjwa huweza pia kupata nakala ya kumbukumbu zake za matibabu bila ada, na hahitaji wakili kuziomba.

Madai mengi dhidi ya hospitali za umma humalizika kwa maafikiano, bila shahidi yeyote kusimama kizimbani.