Jamaa Aliyemiliki Msitu Halafu Akaenda Kutunga Sheria!

Wadau wa Mitundu, Itigi na kwingineko mlipo, leo tuweke umbea wa mastaa pembeni kidogo. Kuna stori ya mzee mmoja wa zamani ambayo ina mapenzi, pesa, fimbo na magogo. Ukiisoma mpaka mwisho utaona inagusa hata hicho kitanda cha mninga unacholalia.

Jamaa alizaliwa London mwaka 1874. Chuoni Cambridge alifukuzwa kwa utundu. Akampenda binti mmoja, Gertrude, lakini baba wa kambo wa binti akamwona kijana hana mbele wala nyuma. Sasa wewe ungefanyaje? Yeye alitembea Afrika kutoka kusini mpaka Cairo! Alianza mwaka 1898, akapita Ziwa Tanganyika na kutia mguu Ujiji, akafika Cairo mwaka 1900 akiwa na miaka 25. Mwaka huohuo akamuoa Gertrude wake. Hapo sifa zikaanza, akaitwa shujaa.

Jina lake ni Ewart Grogan. Ila safari tuiache, twende kwenye mbao.

Mwaka 1904 Grogan alihamia Kenya. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani Victoria mwaka 1901, na treni za wakati ule zilikula kuni kama moto wa nyikani. Nairobi nayo ilikuwa inajengwa. Jamaa akasoma mchezo mapema: mwenye msitu ndiye atakayemuuzia kila mtu. Akaungana na mfanyabiashara wa mbao anayeitwa Lingham, wakaomba serikali ya kikoloni iwape haki ya kukata miti kwenye misitu ya Eldama Ravine, Bonde la Ufa, kwenye mierezi na podo za maana. Wakapewa eneo kubwa kupita kiasi.

Swali dogo tu: wenyeji waliokuwa wakirina asali na kuwinda humo waliulizwa? Thubutu! Mkataba ulikuwa kati ya serikali na mteja wake.

Sasa cheki mwaka 1907. Mwezi Machi, Grogan, akiwa rais wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu waliokuwa wavuta rikisho, tena mbele ya mahakama ya Nairobi! Alidai waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Mwaka huohuo Baraza la Kutunga Sheria la Kenya likaanza vikao, na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani.

Na Grogan? Baadaye aliingia barazani humohumo kama mjumbe wa walowezi. Akatoka, akarudi, na miaka ya 1950 bado alikuwa anapiga domo mle ndani. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Hesabu mwenyewe: kuanzia 1907 ni miaka 37 ya watu wengine kuamua habari za ardhi na miti yako huku wewe uko nje ya mlango.

Wabongo tusicheke sana. Baraza letu la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945. Miaka 19!

Tuwe wakweli, jamaa hakuwa mvivu. Alijenga hoteli kubwa Nairobi, akalima mkonge Taveta, na baada ya Gertrude kufariki mwaka 1943 akatoa mali yake ikajengwa hospitali ya watoto yenye jina la mkewe, ambayo mpaka leo inatibu. Alifia Cape Town mwaka 1967. Mtu anaweza kumpenda mkewe mpaka mwisho na bado akawaumiza wengine. Ndivyo binadamu tulivyo.

Ila somo lenyewe siyo Grogan. Somo ni kwamba pesa ya mti haianzi kwenye shoka, inaanza kwenye karatasi. Aliyekata gogo kule Ravine alilipwa ujira wa siku. Aliyeshika karatasi alijenga jina na mali.

Sasa rudi nyumbani. Huku kwetu miombo ipo, mninga upo, na malori ya mbao na mkaa tunayaona. Tofauti na enzi zile, leo karatasi inaweza kuwa ya kwako. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji, kuusimamia chenyewe na kunufaika na mapato ya uvunaji. Hayo yanapita kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao vijana wengi tunauona ni wa wazee, tunabaki kijiweni tunachati.

Yule mzungu alitembea Afrika nzima, lakini alipotaka msitu alienda ofisini. Wewe mkutano uko hapo shuleni, dakika kumi kwa bodaboda. Utaenda, au utasubiri kusimuliwa nani kapewa?