Meno Yasagikapo Usiku



Mtu wa Pwani akihamishiwa kazi Iringa au Mbeya, jambo la kwanza analowaeleza wa nyumbani ni baridi. Miji hiyo imo nyandani, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai blanketi moja halitoshi. Basi mkewe akimsikia usingizini anasaga meno, husema, "Ni baridi ya huku." Na bibi aliyebaki Tanga au Unguja akielezwa kuwa mjukuu naye anasaga, hujibu upesi, "Huyo ana minyoo, mpeni dawa."

Tuzipime kauli hizi mbili, kwani meno ni amana, na jino la ukubwani likishalika halioti tena.

Watu wa Pwani wameijua baridi ya nyanda zile tangu zamani. Misafara ya karne ya 19 ilifika Uhehe na Usangu. Wajerumani walipoiteka ngome ya Mkwawa pale Kalenga mwaka 1894, kisha mji wa Iringa ukajengwa, walikuwamo Waislamu miongoni mwa wafanyabiashara na askari waliokaa huko. Na dhahabu ya Lupa ilipouanzisha mji wa Mbeya mwaka 1927, wengine walifuata. Wote walitetemeka. Lakini kutetemeka si kusaga. Mwenye baridi meno yake hugongana mbio mbio, naye yu macho, na akijifunika hukoma. Anayesaga amelala fofofo, pengine amejifunika gubigubi, taya zimebana kwa nguvu, wala hana habari. Na wanaosaga wapo hata katika joto la Tanga.

Ama minyoo, rai hiyo si ya jana. Ibn Sina, tabibu mkubwa aliyefariki mwaka 1037, aliligusa jambo hili katika kitabu chake Al-Qanun. Alisema kusaga meno usingizini hutokana na udhaifu wa misuli ya taya na mkazo unaoishika, kwamba huwapata sana watoto, na huwaondokea wanapobaleghe. Kisha akaongeza kuwa kukizidi kwaweza kuashiria maradhi makubwa kama kifafa, au minyoo tumboni. Tazama, ndugu yangu! Kwake yeye minyoo ilikuwa sababu moja kati ya kadhaa. Sisi tumeishika hiyo moja tukaziacha nyingine. Madaktari wa leo hawajapata ushahidi madhubuti kuwa minyoo ndiyo isagishayo meno. Lakini lile la watoto wengi kuacha wenyewe wakikua, wanalikubali. Mtoto mwenye minyoo na atibiwe minyoo yake. Asiye nayo asinyweshwe dawa kila mwezi kwa sababu ya meno.

Kwa mtu mzima, yanayotajwa sana leo ni wahaka, tumbaku, pombe, kahawa nyingi, baadhi ya dawa, na kukatika pumzi kwa mwenye kukoroma. Hapa turejee kwa yule aliyehamishwa. Yu mbali na wazee wake, ana kazi ngeni na pengine deni. Mchana hucheka na watu, na usiku taya husema aliyoyaficha. Je, itamfaa kuchekwa? Au kuambiwa amepandwa na jini? Mke mwema humwambia kwa upole, kwani mwenyewe hajisikii. Amuulize: waamka taya zikikuuma? Vipanda vya uso vyagonga? Meno yaingia ganzi kwa maji baridi? Hizo ni dalili.

Kisha aende kwa daktari wa meno. Nchini petu masomo ya udaktari huo yalianza Muhimbili mwaka 1979, na leo hospitali za mikoa ya Iringa na Mbeya zinatibu meno. Daktari huchukua kipimo cha meno na kutengenezewa mgonjwa kinga ya plastiki ngumu, inayovaliwa wakati wa kulala. Kinga hiyo haizuii taya kubana, bali huyakinga meno yasilane. Huvuliwa Alfajiri kabla ya kutia udhu, ikaoshwa kwa maji yasiyo moto.

Huenda mtu akauliza: je, huku si kuchezea maumbile? La. Sahaba Arfaja alipopoteza pua vitani, Mtume (S.A.W.) alimruhusu kutumia pua ya dhahabu, na wanavyuoni wakaitegemea hadithi hiyo kuruhusu meno yaliyolegea yafungwe kwa dhahabu. Likiwa hilo laruhusiwa, sembuse kipande cha plastiki? Tena Mtume ametufundisha kujitibu, na kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe.

Basi wewe usomaye haya, usiku wa leo wasikilize walalao nyumbani mwako. Ukisikia meno yakisagana, usicheke wala usikimbilie dawa ya minyoo. Asubuhi kaa na mwenzio, umuulize ana nini moyoni. Huenda likawa ndilo swali alilokuwa akilingojea.

Wabillahi Tawfiq.