Nyota Njema Huonekana Novemba

Jimbo la Connecticut halina timu ya kulipwa ya kikapu cha wanaume. Lilikuwa na timu ya mpira wa magongo wa barafu, Hartford Whalers, nayo ikahamia North Carolina mwaka 1997. Kilichobaki ni chuo kikuu cha jimbo, UConn kwa kifupi. Ndiyo maana huku Hartford, majani yakishapukutika tu, kinyozi, mwalimu na dereva wa basi wote wanageuka makocha. Msimu una mechi zaidi ya 30, zimechezwa 4, na hukumu imeshatoka: mwaka huu tunafika, au mwaka huu tumekwisha.

Mimi niliingia kwenye ubishi huu kwa mlango wa Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, aliyesoma shule ya Makongo, futi 7 na inchi 3, alikuwa anavaa jezi namba 34 ya chuo kilicho mwendo usiofika saa nzima kutoka kwangu. Ningekaaje kimya? Nilipoanza kumfuatilia yeye nikajikuta nafuatilia timu nzima, na nilipofuatilia timu nikaanza kuwadadisi wazee wa hapa: desturi hii ya kuhukumu mapema ilitoka wapi?

Zamani haikuwa na maana kubwa. Chuo chenyewe, kilichoko kijiji cha Storrs, kilianza mwaka 1881 kama shule ya kilimo, na mpaka leo wana ng'ombe na wanauza aiskrimu yao. Chini ya kocha Hugh Greer, aliyeshika timu kuanzia 1946 hadi alipofariki Januari 1963, msimu ukiwa katikati, UConn iliitawala Yankee Conference, ligi ya vyuo vikuu vya majimbo ya New England. Bingwa wa ligi ndiye aliyekwenda mashindano ya taifa, yanayoanza Machi. Hadi 1975 hakuna ligi iliyoruhusiwa kupeleka zaidi ya timu moja. Kwa hiyo mechi za Desemba, ushinde usishinde, hazikukufungia wala kukufungulia mlango. Shabiki mwenye akili alisubiri Januari, ligi ianze.

Sheria ile ilipolegezwa, hesabu yote ikabadilika. Mwaka 1981 kamati inayochagua timu za mashindano ilianza kutumia kipimo cha RPI, kilichotazama ushindi wako pamoja na ubora wa uliocheza nao. Mwaka 1985 nafasi zikafika 64. Sasa timu iliyomaliza ya tano au ya sita katika ligi ngumu iliweza kwenda, mradi rekodi yake ya nje ya ligi inaonekana. Kwa kipimo hicho mechi ya Novemba ikapata uzito sawa na ya Februari.

Televisheni ikamalizia kazi. Mwaka 1979 vitu viwili vilizaliwa karibu nasi: ligi ya Big East, ambayo UConn ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na kituo cha ESPN, katika mji wa Bristol, jirani kabisa na Hartford. Kituo cha michezo kinachorusha matangazo mchana na usiku kinahitaji mechi, na visiwa vyenye jua vilikuwa tayari kuziandaa. Desemba 1982 chuo kidogo cha Chaminade, cha Honolulu, kiliifunga Virginia ya Ralph Sampson, iliyokuwa namba 1 nchini, 77 kwa 72. Baada ya miaka miwili mashindano ya Maui yakaanza, na vingine vikafuata: Visiwa vya Virgin, Bahamas.

UConn ilichelewa kuonja utamu huo. Kocha Jim Calhoun alipoanza kazi mwaka 1986, msimu wake wa kwanza ulikuwa wa ushindi 9 na vipigo 19. Mwaka 1988 akachukua kombe la NIT, mashindano madogo kuliko yale ya taifa. Januari 1990 ukumbi mpya wa Gampel ukafunguliwa pale Storrs, na msimu huo huo timu ikashinda mechi 31. Tangu hapo hakuna Novemba iliyopita kimya katika jimbo hili.

Sasa nimrudie Thabeet, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuisoma Novemba. Msimu wake wa kwanza, 2006 hadi 2007, timu ilikuwa ya watoto watupu. Ikaanza kwa kushinda 11 mfululizo, nyumbani, hasa dhidi ya vyuo vidogo. Hii ni biashara ya kawaida: chuo kikubwa kinakilipa kidogo kije, kifungwe, kirudi na hundi. Barazani kwa kinyozi wangu watu walishaanza kuhesabu nauli za Machi. Kisha timu ikasafiri kwenda West Virginia kabla ya mwaka mpya, ikapigwa, na msimu ukaishia 17 kwa 14, bila mwaliko wa mashindano.

Miaka miwili baadaye, Novemba 2008, kijana yule yule alikuwa mtu mwingine. Mwanzoni alikuwa akirukia kila mpira na kukusanya faulo. Sasa alisimama chini ya kikapu amenyoosha mikono, akamwacha mshambuliaji afanye uamuzi mbaya mwenyewe. Timu ilikwenda Visiwa vya Virgin, ikacheza na watu isiowajua, kwenye ukumbi usio wa kwao, na kurudi na kombe baada ya kuifunga Wisconsin. Machi iliyofuata walifika nne bora, Thabeet akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, na Dar es Salaam ikapata habari ya kuzungumza.

Tofauti ya Novemba zile mbili ndiyo hoja yangu yote. Watu wengi husema mechi za mwanzo hazina maana, subiri Januari timu zikomae. Mimi nasema Januari ndiyo yenye hila. Wapinzani wa ligi mnakutana mwaka baada ya mwaka. Makocha wao wanaijua michezo yenu yote kwa majina, wanajua nani anapenda kupita kulia na nani anatetemeka kwenye mitupo huru. Machi mnakutana na wageni, ukumbi si wa yeyote, na nafasi ya kujiandaa inaweza kuwa siku moja tu. Hayo ndiyo mazingira ya visiwani Novemba.

Tazama msimu wa 2010 hadi 2011. Timu iliyotangulia ilikuwa imemaliza 18 kwa 16, na makocha wa Big East waliitabiria nafasi ya 10. Novemba ikaenda Maui, kwenye ukumbi mdogo wa Lahaina, na kwa siku 3 mfululizo ikazifunga Wichita State, Michigan State na Kentucky. Kemba Walker alifunga karibu pointi 30 kila siku, huku akibeba kundi la wageni wa mwaka wa kwanza. Kisha kwenye ligi wakayumba, wakamaliza 9 kwa 9, na wale waliosema subirini wakacheka. Machi, Kemba akashinda mechi 5 kwa siku 5 katika mashindano ya Big East, kisha 6 nyingine, mpaka Butler ikalala 53 kwa 41 kwenye fainali ya taifa, Houston.

Ikajirudia tena. Novemba 2022, vijana wa kocha Dan Hurley walichukua kombe kule Portland kwa kuzifunga Oregon, Alabama na Iowa State, wakaanza msimu 14 kwa 0. Kisha wakapoteza mechi 6 kati ya 8, zote za ligi. Mashindano ya taifa wakayashinda, kila mechi kwa tofauti ya pointi zaidi ya 10.

Kanuni hii imewahi kuvunjika, na vibaya. Novemba 2003, UConn ya Emeka Okafor, namba 1 nchini, ilichapwa na Georgia Tech, New York, 77 kwa 61. Aprili 2004 timu zile zile zikakutana fainali, UConn ikashinda 82 kwa 73. Ila Okafor alikuwa akisumbuliwa na mgongo Novemba ile, na macho ya shabiki lazima yamtazame aliyeko uwanjani na hali aliyonayo.

Sasa tuje Novemba 2024. Mabingwa wa miaka 2 mfululizo, wamewapoteza wachezaji wao Clingan na Castle kwa NBA, wanakwenda Maui wakiwa namba 2. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Dhidi ya Memphis, muda wa nyongeza, 92 kwa 92, chini ya dakika moja imebaki. Mwamuzi anapuliza faulo ya kugombea mpira kwa nyuma. Hurley anaanguka chali pembeni ya benchi, mikono juu, kama aliyepigwa risasi, na anaadhibiwa kwa utovu wa nidhamu. Mitupo huru 4, yote ndani. Walifungwa siku ile, na siku mbili zilizofuata pia, na Colorado halafu Dayton. Wengi walimlaumu mwamuzi. Mimi niliona timu isiyoweza kumzuia mtu bila kumgusa. Machi Florida iliwatoa raundi ya pili, 77 kwa 75, kisha yenyewe ikatwaa ubingwa.

Kwa hiyo mtu akiniletea rekodi ya timu mapema, namuuliza maswali matatu kabla sijatoa neno: wamecheza wapi, na nani, na walipumzika siku ngapi? Akijibu kwamba wameshinda zote nyumbani, kwa pointi 40 kila mechi, dhidi ya vyuo vilivyolipwa kuja, namwambia asikate tiketi ya ndege. Wale wa mwaka 2006 nao walishinda 11 za nyumbani.