Bosi wa uhusiano kwenye vyombo vya habari analipwaje? Ijue hesabu yake

Matangazo yakikatika au gazeti likilazimika kuomba radhi, kuna mtu anasimama mbele ya kamera kuongea. Mara nyingi ni meneja uhusiano. Kama uko Ujiji, Mwanga au Kibirizi na unasomea habari ukiitamani nafasi hiyo, usidanganyike na cheo. Angalia nani analipa, na nini kinabaki mkononi.

Halmashauri
Ofisa habari wa halmashauri, mfano Manispaa ya Kigoma Ujiji, hulipwa kwa ngazi za Serikali. Anayeanza daraja la pili huingia TGS D. Hapo hakuna kubembelezana, mshahara unapanda kwa ngazi na daraja.

Mashirika ya umma
Mashirika kama TBC yana miundo yake ya mishahara, lakini si huru kabisa. Machi 2016, Rais John Magufuli akiwa Chato alisema hakuna bosi wa umma atakayelipwa zaidi ya Sh15 milioni kwa mwezi. Wakati huo wapo waliokuwa wakivuta hadi Sh40 milioni. Mkuu wa uhusiano yuko chini ya mkurugenzi mkuu, hivyo hata malipo yake hukaa chini ya hapo.

Kampuni binafsi
Huku ni maelewano. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa, kama Nation Media Group inayomiliki gazeti la Mwananchi, hutaja kwenye ripoti ya mwaka jumla ya malipo ya viongozi wake wakuu. Huwezi kuona mshahara wa meneja uhusiano peke yake. Kwenye redio ndogo za mikoani, kazi hiyo mara nyingi anaibeba meneja mwenyewe au mtu wa masoko, na sehemu ya kipato inaweza kuwa kamisheni ya matangazo.

Piga hesabu
Tuseme umeahidiwa Sh5,000,000 kwa mwezi:

- NSSF asilimia 10: Sh500,000
- Kinachotozwa kodi: Sh4,500,000
- Kodi ya milioni ya kwanza: Sh128,000
- Asilimia 30 ya Sh3,500,000 zilizobaki: Sh1,050,000
- Mkononi: Sh3,322,000

Yaani theluthi moja imeondoka kabla hujagusa hela. Kuna bodi ya mikopo ya elimu ya juu pia, kama bado unadaiwa. Na gari au nyumba ya ofisi inaweza kuhesabiwa kuwa kipato na kukatwa kodi.

Kabla ya kusaini
Uliza mambo matatu: kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya makato? Posho za simu na safari zimeandikwa kwenye mkataba? Mkataba ukivunjwa, unalipwa nini? Bosi wa uhusiano ndiye wa kwanza kulaumiwa mambo yakiharibika, kwa hiyo swali la tatu usiliache.