Maillu Aliuliza Kwanza

Nina riwaya niliyoianza miaka minne iliyopita. Ina sura tatu na jina tamu sana. Ukweli usemwe, jina ndilo nimelifanyia kazi zaidi. Marafiki hapa Machakos wakiniuliza imefika wapi, nawajibu nangoja mambo yatulie. Mambo hayatulii, bana. Kodi inakuja, stima inapotea, na sura ya nne bado iko kichwani.

Kwa hivyo nimekuwa nikifuatilia habari za mtu mmoja wa huku kwetu ambaye hakungoja. David Maillu alizaliwa 1939 huko Kilungu, kwenye milima ambayo siku hizi iko Kaunti ya Makueni. Hadi 1992 sehemu hiyo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Machakos, kwa hivyo mtuwie radhi tukimhesabu kuwa wetu. Masomo yake ya sekondari aliyafanya kwa posta: unatumiwa somo, unajibu, unarudisha, unangoja barua. Mtu aliyesoma hivyo ameshajifunza jambo moja ambalo mimi bado linanishinda, yaani kukaa mezani bila mwalimu wa kukusimamia.

Baadaye alifanya kazi ya uchoraji katika Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la serikali. Alikuwa akiandika, na wachapishaji walikuwa wakimrudishia miswada yake. Hapo wengi wetu huwa tunaanza kulalamika eti Wakenya hawasomi. Maillu alifanya kitu tofauti. Aliwauliza watu. Alitaka kujua ni mambo gani hasa yanawagusa, na kama alivyowasimulia waliomhoji baadaye, majibu yalikuwa ya kawaida kabisa: mapenzi, pesa, siasa, dini, kifo, na jinsi watu wanavyoishi na wenzao.

Ukifikiria vizuri, hakuanzisha jambo geni. Ukambani hadithi ilisimuliwa usiku, jikoni, na msimulizi alikuwa akiwaona wasikilizaji wake uso kwa uso. Watoto wakianza kusinzia, ulijua umezubaa mahali. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango kule Kitui, alizikusanya hadithi hizo na kuchapisha baadhi yake mwaka 1966 katika kitabu *Akamba Stories*. Mwandishi wa kitabu ndiye aliyepoteza ile nafasi ya kumwona msikilizaji akipiga miayo. Maillu alikuwa akijaribu kuirudisha.

Na alikuwa na sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, vitabu vingi vya Kiafrika vilivyosifiwa vilikuwa vile vya kusomwa darasani, vikizungumzia mkoloni na kijiji kilichovunjika. Ni mambo mazito, sawa. Lakini Nairobi ilikuwa imejaa makarani, wapiga taipu na vijana waliotoka mashambani kama Kilungu, wenye mshahara mdogo, bosi msumbufu na chumba cha kupanga. Wachache sana waliwaandikia hao.

Basi Maillu akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books. Mwandishi na mchapishaji akawa mtu mmoja. Mwaka 1973 alitoa *Unfit for Human Consumption* na *My Dear Bottle*, vitabu vyembamba vya kubebeka mfukoni. Mwaka uliofuata akatoa *After 4:30*. Jina hilo ni saa ya kutoka ofisini, na ndani yake mwanamke anayepiga taipu anatoa yaliyomjaa moyoni kuhusu mabosi na wanaume kwa jumla. Kimeandikwa kwa mistari mifupi kama shairi refu, njia ambayo Okot p'Bitek wa Uganda alikuwa ameifungua mwaka 1966 kwa *Song of Lawino*.

Vitabu hivyo viliuzwa sana. Wahakiki wa vyuo vikuu walikunja pua wakasema ni uchafu tu. Mwaka 1976 Tanzania ikavipiga marufuku, soko kubwa jirani likafungwa, na kabla ya muongo huo kwisha Comb Books ilikuwa imeanguka.

Mimi nilipovisoma, sikuona sababu ya kumfanya malaika. Kuna kurasa zinazochosha, na kuna wanawake ambao hawakupewa kazi yoyote isipokuwa kutamaniwa. Msomaji akikuambia anataka mapenzi, hajakuambia umdanganye kuhusu mapenzi. Jibu la msomaji linakupa mada. Ukweli wa mada hiyo ni jukumu lako, na hapo hakuna utafiti wa kukusaidia.

Lakini sehemu inayonigusa zaidi inakuja baada ya kuanguka. Kampuni imekwisha, wasomi wanakucheka, serikali ya jirani imekufungia mlango. Mtu angekaa kitako anywe chai. Mwaka 1980 Maillu alitoa riwaya mbili kupitia Macmillan katika mfululizo wa Pacesetters. Moja, *For Mbatha and Rabeka*, ni ya mapenzi. Nyingine, *The Equatorial Assignment*, ina jasusi wa Kiafrika aitwaye Benni Kamba, namba 009. Naam, 007 alipata mwenzake kutoka Ukambani.

Mwaka 1989 akatoa *Without Kiinua Mgongo*, akichanganya Kiingereza na Kiswahili ndani ya sentensi moja, vile tunavyoongea kwenye matatu. Sisi tunadhani tumevumbua hiyo juzi. Kisha mwaka 1991 yule mtu wa vijitabu vya mfukoni akaleta *Broken Drum*, riwaya yenye kurasa zaidi ya 1,000 kuhusu Wakamba vizazi kwa vizazi.

Kurasa elfu moja hazitoki kwa kuuliza watu. Hakuna mpita njia ambaye angemwambia, tafadhali niandikie kitabu kizito kama tofali. Kazi ya namna hiyo hutoka kwa kurudi mezani kesho, na kesho kutwa, hata kama hakuna anayekuulizia.

Zamani niliona haya kuwa mambo mawili yanayopigana. Kuna mwandishi wa watu, anayehesabu waliopenda na waliotoa maoni kwenye simu. Halafu kuna msanii anayejifungia chumbani, hataki kusikia la mtu. Maisha ya Maillu yananiambia ni kazi moja yenye zamu mbili. Kuna zamu ya kusikiliza na kuna zamu ya kukaa peke yako. Mimi nilikuwa nimezikwepa zote mbili: sikuwa nimemuuliza mtu yeyote chochote, na sikuwa nakaa.

Wiki iliyopita, kwenye matatu ya kwenda Nairobi, tulipokwama Mlolongo, nilimuuliza mama aliyeketi kando yangu ni hadithi gani ingemfanya asahau jam. Alifikiri kidogo, akasema, "Mwanangu, andika juu ya ndugu wanaogombania shamba na mzee bado yuko hai."

Sura yangu ya nne sasa ina mzee. Ina kurasa mbili na nusu, zote mbovu, zilizoandikwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Lile jina tamu nimelifuta.