Jinsi ya kuchagua spika ya kichwa cha garimoshi la mfano

WAHENGA walinena kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Methali hiyo hutumiwa kumkejeli mtu wa maneno mengi yasiyo na maana, lakini kwa mafundi wa magarimoshi ya mfano ina ukweli wa aina yake: bila debe, yaani kisanduku kitupu nyuma yake, spika haivumi.

Uundaji wa magarimoshi ya mfano ni uraibu wenye mashabiki wengi Ulaya na Marekani. Kipimo kinachopendwa zaidi ni HO, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87. Katika miaka ya 1990, chama cha NMRA cha Marekani kiliweka viwango vya mfumo wa kidijitali wa DCC, kwa kutegemea kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Katika mfumo huo, kila kichwa cha garimoshi hubeba dikoda, kifaa kidogo cha elektroniki kinachopokea amri kupitia reli. Dikoda za sauti huhifadhi pia milio iliyorekodiwa kutoka kwa injini halisi: ngurumo, honi, kengele na breki.

Aghalabu mnunuzi hutumia zaidi ya dola 100 za Marekani kununua dikoda ya aina hiyo, kisha akaiunganisha na spika yoyote aliyoipata kwa dola chache. Matokeo huwa ya kusikitisha. Injini ambayo kwa kweli ina uzani wa zaidi ya tani 100 hulia kama nyuki aliyenaswa chupani. Mbaya zaidi, spika isiyofaa inaweza kuiunguza dikoda siku ya kwanza.

Ukubwa wa spika

Chukua mfano wa GP38-2, kichwa cha dizeli kilichoundwa na kampuni ya EMD ya Marekani kati ya 1972 na 1986. Injini yake ina silinda 16, na kila silinda hulipuka mara moja katika kila mzunguko. Inaponguruma taratibu kituoni, injini huzunguka takriban mara 300 kwa dakika, sawa na milipuko 80 kwa sekunde. Inapovuta kwa nguvu zote, huzunguka takriban mara 900 kwa dakika, yaani milipuko 240 kwa sekunde.

Hiyo ni sauti nzito, nayo huhitaji hewa nyingi isukumwe. Ilhali kichwa halisi kina urefu wa takriban mita 18, mfano wake wa HO hauzidi sentimita 21. Spika inayoweza kuingia humo huanza kudhoofika pindi sauti inaposhuka chini ya mitetemo mia kadhaa kwa sekunde. Tunachosikia hasa ni sehemu ya juu ya mngurumo. Ubongo ndio hujazia uzito uliokosekana.

Kwa hivyo, kanuni ya kwanza ni kuchagua spika kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Spika ya duara yenye kipenyo cha milimita 28 ina eneo la zaidi ya mara tatu na nusu kuliko spika ya mstatili ya milimita 11 kwa 15, ya aina itumiwayo katika simu za mkononi. Hata hivyo, spika hiyo ya duara haiingii katika sehemu nyembamba ya injini ya GP38-2. Hapo ndipo zile ndogo za simu hufaa, na fundi anaweza kuweka mbili.

Kisanduku

Kiwambo cha spika kinaposukuma hewa ya mbele, huvuta ile ya nyuma. Hewa hizo mbili zikikutana ukingoni, huuana, na sauti nzito ndiyo hupotea kwanza. Kazi ya kisanduku ni kuifungia hewa ya nyuma isikutane na ya mbele.

Ndiyo maana spika ndogo iliyo ndani ya kisanduku kilichozibwa vyema huishinda spika kubwa iliyoachwa wazi. Kisanduku chaweza kutengenezwa kwa vipande vya plastiki na gundi, almuradi kisiwe na ufa wala tundu. Pale nyaya zinapopita pia sharti pazibwe.

Kadhalika, kiwe na hewa nyingi iwezekanavyo ndani, na kuta zake ziwe ngumu ili zisitetemeke.

Omu na wati

Ukinzani wa spika hupimwa kwa omu, na kila dikoda ina kiwango inachokubali. Dikoda za LokSound V3.5 za kampuni ya ESU ya Ujerumani zilitaka spika za omu 100. Toleo la V4.0 lilitaka omu 4 hadi 8, na LokSound 5 hukubali omu 4 hadi 32. Anayenunua dikoda kuukuu na kuifunga spika ya kisasa ya omu 8 bila kusoma maelezo huenda akaona moshi usiotokana na garimoshi.

Ukiunganisha spika mbili za omu 8 kwa mfululizo, utapata omu 16. Ukiziunganisha sambamba, utapata 4. Mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba hubaki omu 2, kiwango kinachoweza kuharibu dikoda. Aidha, alama za chanya na hasi sharti zilingane, la sivyo spika moja itasukuma huku nyingine ikivuta, na sauti itafifia.

Usishangae mita ya umeme ikionyesha omu 6 au 7 kwa spika ya omu 8. Hilo ni jambo la kawaida. Isitoshe, spika ya wati moja haipaswi kulishwa nguvu zote za dikoda yenye wati mbili. Punguza sauti kuu katika mipangilio ya dikoda kabla ya kuanza.

Nafasi na majaribio

Baadhi ya mafundi hukata chuma cha ndani ili kupata nafasi. Wafanye hivyo kwa kiasi, maana uzani wa chuma hicho ndio huyawezesha magurudumu kushika reli. Unga wa chuma nao usiachwe karibu, kwani sumaku ya spika huuvuta na kiwambo kikaanza kukwaruza.

Vichwa vya mvuke vina neema ya nafasi. Msomaji aliyefika katika Makavazi ya Reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, bila shaka anavikumbuka vichwa vya Garratt vya daraja la 59, vyenye injini mbili na boila moja katikati. Anayeunda mfano wa kichwa kama hicho anaweza kuweka spika ndani ya tangi la maji la mbele na nyingine katika sehemu ya mafuta nyuma.

Kabla ya kufunga kila kitu, cheza sauti zote huku ukiziba viungo vya kisanduku kwa kidole, kimoja baada ya kingine. Sauti ikiwa nzito zaidi unapoziba mahali fulani, hapo pana ufa. Kisha sikiliza ukiwa umbali wa mita moja au mbili, kwani huko ndiko watazamaji husimama.

Fundi mwenye pesa chache asihuzunike, basi. Spika ya bei nafuu, yenye omu zinazolingana na dikoda na iliyofungwa katika kisanduku kisichovuja, itanguruma kuliko ile ya bei ghali iliyoachwa wazi.